Mgonjwa Hana Malalamiko

Yule mama wa Kizungu alipanda ngazi zetu saba bila kushika chuma cha pembeni. Hilo ndilo bibi yangu aliloliona kwanza, kabla ya uso wake, kabla ya kopo la bati alilolikumbatia kifuani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wiki ya pili ya Januari, na sisi Weusi wa mtaa wa Pipe Shop hatujazoea kutembelewa na Wazungu wasio na karatasi za kutusainisha.

"Corinthia," Bibi aliniita kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, "kuna mtu anakuja. Kama ni wa bima, mwambie nimekufa."

"Akiuliza umezikwa lini?"

"Mwambie bado mnachanga."

Nilifungua mlango. Mgeni alikuwa na miaka sabini na kitu, nywele nyeupe kama pamba, viatu vya raba vyeupe pia. Alisema anaitwa Nadine Strickland, anakaa ng'ambo ya barabara kuu, na anamtafuta mwenye kopo. Akaligeuza chini juu. Kwenye kitako, juu ya kipande cha plasta, ulikuwepo mwandiko wa Bibi kwa wino mweusi: OZELLA PETTWAY, NEBO.

Kila mwanamke wa kanisa letu huandika jina lake chini ya chombo. Chakula cha msiba ni cha wote, lakini sufuria ina mwenyewe. Mgeni alikuwa amekwenda mpaka kanisani Nebo, akaelekezwa kwetu.

"Sikulileta tupu," alisema. "Mama yangu angefufuka anichape." Ndani mlikuwa na njugu za pekani zilizobanguliwa tayari, kopo zima.

Bibi alimpenda papo hapo. Aliniagiza kahawa, akamwambia akae, akaomba radhi kwamba hawezi kuinuka.

"Keki ile," mgeni alisema, mkono kifuani, "sijawahi kula kitu kama kile. Daktari Whitlow alinipa pale kaunta, siku mbili kabla ya Krismasi. 'Chukua, Bi. Strickland,' akaniambia, 'chukua yote. Hapa tunaletewa mno, mwishowe tunazitupa.'"

Nilikuwa na birika mkononi. Sikumwangalia Bibi.

Kwa miaka minane Bibi alikuwa akimwokea Daktari Whitlow keki ya siagi kila Krismasi, akiipeleka katika kopo jipya lenye picha ya theluji. Na kila Januari daktari alimwambia, "Keki yako, Ozella, huwa naila peke yangu garini, mke wangu asijue." Bibi aliisimulia habari hiyo kanisani mara nyingi hivi kwamba rafiki yake Earline alimwambia, "Mwaka huu nitaisimulia mimi. Wewe pumzika."

Bibi hakuacha kutabasamu. Aliuliza lile alilotaka kuliuliza tangu mwanzo.

"Umepanda ngazi zangu kama msichana. Unatumia dawa gani?"

"Dawa wapi, mpenzi! Magoti mapya." Mgeni alipandisha suruali. Kovu moja kila goti, limenyooka kama mshono wa fundi hodari. "La kulia lina miaka mitatu, la kushoto mwaka mmoja."

"Ulimsumbua nani mpaka ukayapata?"

"Sikumsumbua mtu. Nilimwambia Daktari Whitlow kwamba ngazi za nyumbani zinanichosha. Akapiga picha, akasema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. 'Hakuna sababu ya wewe kuteseka, Bi. Strickland.' Akaandika barua ya kunipeleka kwa mpasuaji siku ile ile."

"Siku ile ile," Bibi alisema.

"Kwani wewe..." Macho ya mgeni yalishuka kwenye mkongojo ulioegemea ukuta, kisha kwenye magoti ya Bibi, yaliyofura chini ya blanketi kama mikate miwili. Uso wake ukawa mwekundu. Nadhani alielewa kabla yetu.

Bibi yangu alipika katika jiko la shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, amesimama juu ya sementi. Jumapili alisimama tena, kwa hiari yake, kwenye mlango wa kanisa: sare nyeupe, glavu nyeupe, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma ya mgongo, wa kulia unakufungulia na kukuonyesha kiti. Kwetu mhudumu wa mlango haketi mpaka ibada iishe. Hacheki, hapigi soga. Mlango ni wake. Aliupata akiwa na miaka kumi na tisa, na mimi alinifundisha kusimama hivyo kabla sijajua kusoma.

Miaka miwili iliyopita walimwekea stuli mlangoni. Hakuikalia. Akavua glavu, akahamia benchi la nyuma, na tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Kwa Daktari Whitlow alikuwa amekwenda mara mbili kila mwaka. Alipewa mafuta ya kuchua. Alipewa sindano tatu. Aliambiwa apunguze uzito, akapunguza kilo kumi na moja, akaambiwa apunguze zaidi. Mara ya kwanza kabisa alipomwambia magoti yanauma, daktari alimgonga begani akacheka: "Mtu wa kazi kama wewe, Ozella? Mifupa yako ni ya mti wa mwaloni. Itakubeba mpaka mbinguni." Bibi alirudi nyumbani akiibeba sentensi hiyo kama zawadi.

Mgeni alipoondoka, aliahidi jambo. Alimshika Bibi mikono yote miwili akasema, "Una miadi naye lini? Alhamisi? Nitakuja. Tunasali kanisa moja, mimi na yeye. Hawezi kunitazama usoni akakukatalia."

"Nitashukuru," Bibi alisema.

Mlango ulipofungwa alibaki akilitazama kopo. "Kumi na moja," alisema mwishowe. "Nimepunguza kilo kumi na moja, yeye anagawa keki."

Nilikuwa nimemaliza chuo Mei iliyotangulia, na hadi siku hiyo shahada yangu ya historia ilikuwa imemsaidia Bibi kubadilisha betri za rimoti. Lakini kusoma kumbukumbu za watu ndicho kitu kimoja nilichofundishwa. Jioni ile nilifungua tovuti ya kliniki, nikatengeneza neno la siri, na rekodi zake zote zikajipanga mbele yetu, miaka minane.

"Soma kwa sauti," aliniamuru. "Usirukeruke."

Nikasoma. *Mgonjwa ni mchangamfu. Amevaa nadhifu. Anatembea bila msaada. Hana malalamiko.* Ziara iliyofuata: *Mchangamfu. Nadhifu. Anatembea bila msaada. Hana malalamiko.* Ilikuwa ile ile, kama wimbo wa kitoto.

"Hapo ni mimi," Bibi alisema taratibu. "Hapo hajasema uongo."

Alikuwa sahihi, na hilo lilinichoma. Kwa daktari Bibi alikwenda na suti ya buluu, kofia, rangi ya midomo na viatu vya kisigino kifupi. Mkongojo aliuacha garini. Mama yake alimfundisha hivyo katika enzi ambayo somo hilo liliokoa watu: *Usiende mbele ya Mzungu na sura ya shida, atakuongezea nyingine.* Na alipoulizwa hali, alijibu kama tunavyojibu sote Nebo: "Nimebarikiwa, Daktari, sina la kulalamika." Mimi mwenyewe nimemshika mkono mara ngapi kutoka garini hadi mlango wa kliniki, nikamwona anauma meno, kisha anaachia mkono wangu na kuingia wima? Nilikuwa najivunia. Mungu anisamehe, nilikuwa najivunia.

"Endelea," alisema.

Miaka sita nyuma kulikuwa na ripoti ya picha ya magoti, imeandikwa na mtu wa hospitali ambaye hakuwahi kumwona. *Gegedu limekwisha magoti yote mawili. Mfupa unagusana na mfupa. Inashauriwa apelekwe kwa mpasuaji.* Na chini yake, ziara ya wiki iliyofuata, maneno ya Daktari Whitlow:

*Upasuaji umejadiliwa. Mgonjwa amekataa.*

"Rudia."

Nikarudia.

"Umejadiliwa na nani?"

Nikashuka ukurasa kwa ukurasa. Mstari ule ulikuwa umenakiliwa katika kila ziara tangu siku ile. Mgonjwa amekataa. Mgonjwa amekataa. Mara kumi na mbili Bibi alikuwa amekataa kitu ambacho hakuna aliyempa.

Bibi hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaifuta tena. "Vesta, dada yake Earline, alikwenda kupasuliwa huku anaogopa," alisema. "Wakamwekea goti kule hospitali ya wilaya, likaoza, wakamkata mguu. Kwa hiyo angeniuliza, labda ningeogopa. Labda ningekataa kweli." Akagonga mkono wa kiti. "Lakini ningekataa *mimi*."

Nilimwambia hapo hapo: Alhamisi utaingia na mkongojo. Utavaa sapatu zako za nyumbani, zile za waridi, kwa sababu ndizo pekee zinazokuingia bila kukuumiza. Na akikuuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, utasema namba ya kweli. Niahidi.

"Sapatu? Mbele ya watu?"

"Niahidi, Bibi."

"Sawa. Na wewe niahidi. Ndani ya chumba kile hutafungua mdomo. Si neno moja."

"Bibi!"

"Nimekusomesha uongee, ndiyo. Lakini goti ni langu na miaka ni yangu. Ukiongea wewe, atakujibu wewe, na mimi nitabaki fanicha. Ahidi."

"Haya, naahidi. Alhamisi sitasema kitu."

"Sikusema Alhamisi. Nimesema chumba kile."

Nikaahidi.

Jumatano jioni simu ililia. Ilikuwa sauti ya Bi. Strickland, juu juu, kama mtu anayesoma karatasi. Mume wake anaona si vizuri kuingilia mambo ya watu wengine. Daktari amekuwa mwema sana kwao. Atatuombea.

"Asante kwa pekani," Bibi alisema, akakata. Kisha akaniambia, "Magoti mawili mapya, na bado hawezi kusimama."

Asubuhi yake, katika maegesho ya kliniki, nilimwona akifungua mfuko wa plastiki miguuni pake. Alikuwa ameficha viatu vya Jumapili. Aliviangalia. Sikusema kitu, ingawa chumba kile kilikuwa bado mbali, na ahadi yangu haikuwa imeanza. Akafunga mfuko, akausukuma chini ya kiti, akanyoosha mkono. "Nipe hilo gongo."

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa, na nusu yake ni Nebo. Earline alikuwepo, amekuja kupima presha.

"Dada Ozella!" alipaza sauti akitazama zile sapatu. "Nyumba imeungua, umetoka na hizo?"

"Inaungua polepole," Bibi alimjibu, akishuka kitini kwa awamu tatu. "Mwaka wa nane huu."

Nilimwona Earline akimtazama Bibi anavyokaa, kisha akitazama magoti yake mwenyewe.

Daktari Whitlow ana sauti nzuri. Sitamnyima hilo. Aliingia, akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili, na hakutazama chini.

"Ozella! Unapendeza kama siku zote. Hali?"

Niliiona ile sentensi ikija. *Nimebarikiwa.* Ilifika midomoni, ikasimama pale, ina miaka sabini na mmoja ya mazoea nyuma yake. Bibi akaimeza.

"Mbaya," alisema. "Tisa kati ya kumi. Ngazi za nyumbani kwangu nazipanda kwa makalio."

Daktari akageukia kompyuta. "Hujawahi kuniambia hivyo."

"Nilikwambia mara ya kwanza. Ukaniambia mwaloni."

"Naona hapa tulijadili upasuaji, ukakataa."

"Tulijadili siku gani? Mimi nilikuwepo?"

Alikohoa. "Watu wenu wengi wanaogopa kisu, Ozella. Sikutaka kukushinikiza. Nilikuwa nakuheshimu."

"Umeliheshimu jibu, Daktari, lakini swali hukuuliza."

Nilikaa juu ya viganja vyangu. Alisema atalifikiria, kwamba kuna suala la uzito, turudi baada ya miezi mitatu. Bibi alilaza mkongojo mapajani kama mtu aliyefika nyumbani.

"Andika barua. Nitakungojea hapa hapa. Kusimama kwenyewe siwezi, kwa hiyo sina haraka."

Ilichukua dakika nne. Mashine iliitoa barua. Bibi aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Tulipofika mlangoni akageuka.

"Na makopo yangu mengine saba? Nilidhani unayatunza."

Sikuwahi kujua mtu mzima anaweza kuwa mwekundu kiasi kile. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Niliamini tumeshinda. Nina tabia ya kuamini mapema.

Mpasuaji wa Birmingham alikuwa mwanamke kijana, Mweusi kama sisi, na alimwita Bibi "Mama Pettway". Mwezi wa Machi aliweka picha mbili ukutani, ya miaka sita iliyopita na mpya. Hakuhitaji kutueleza, lakini alieleza, kwa upole. Magoti yamekaa yamepinda muda mrefu mno. Mishipa imefupika, misuli imekwisha, mfupa umelika upande mmoja. Atampa goti jipya la kulia, na Mungu akipenda la kushoto baadaye. Maumivu yatapungua sana. Hatari ni kubwa kidogo kuliko ya mtu aliyewahi.

"Na mguu utanyooka?" Bibi aliuliza.

"Ungekuja hapa," akagusa picha ya zamani, "ningekuahidi. Leo siwezi."

"Kusimama mlangoni kwa saa mbili?"

"Samahani, Mama Pettway. Hapana."

Garini Bibi alifungua pochi. Humo ndani, kando ya barua, zilikuwemo glavu zake nyeupe. Sijui alizibeba tangu lini. Alizikunja moja ndani ya nyingine, akazirudisha.

"Keki nilimpa mwenyewe," alisema baada ya kilomita nyingi. "Mlango sikumpa."

Ilibaki karatasi moja. Hospitali ilitaka saini ya daktari wake wa kawaida kuthibitisha kwamba moyo wake utahimili usingizi wa dawa, na kupata daktari mpya kungechukua mpaka vuli. Kwa hiyo Aprili tulikuwa tena katika chumba kile. Bibi na sapatu za waridi, na mkongojo. Mimi na faili mapajani, kurasa zote nimezichapa, mistari kumi na miwili nimeipigia rangi ya njano. Sijui nilizibebea nini.

Alimsikiliza moyo. Akaandika. Akasaini, akapuliza wino, akampa Bibi karatasi, na Bibi akaitia kwenye pochi, akabana kifungo. Hapo hakukuwa tena na kitu ambacho angeweza kutunyima.

Labda na yeye alilijua hilo, maana uso wake ulilegea, akarudi kuwa yule rafiki wa zamani.

"Mbona hukuja mapema, Ozella?" alisema kwa huruma. "Mambo haya yanataka kuwahi."

Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu.

"Na wewe ndiye msomi wa nyumba, eti? Msimamie afanye mazoezi. Tatizo la wengi wenu ni kuchelewa. Au sivyo?"

Alikuwa ananiuliza. Alikuwa anangoja jibu. Nilikuwa nalo, na tarehe zake, na namba za kurasa. Nilikuwa nimelisema kitandani, bafuni, kwenye foleni ya dukani, tangu Januari. Nilikuwa nalo lefu na nilikuwa nalo la maneno manne. Vidole vyangu vilikuwa tayari vimefungua faili. Kama lipo jambo ninaloliamini, ni kwamba ukweli ukisemwa mbele ya mtu unamgusa, hata kidogo, na nafasi kama ile hairudi. Haijarudi. Daktari alistaafu Juni.

Bibi alinitazama. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, nimesimama Nebo na glavu zilizonizidi, wakati kila mtoto mwingine alikuwa anacheka.

Nikafunga faili. Nikainuka, nikapita mbele ya daktari, nikaufungua mlango mpaka mwisho, nikasimama pembeni wima, mkono wa kushoto nimeukunja nyuma ya mgongo. Faili nililibana chini ya kwapa, na kwa mkono wa kulia nikamwonyesha Bibi njia.

Bibi alipita polepole, mkongojo mbele, sapatu zikiburuza sakafuni. Alipofika usawa wangu alisimama, akaninyooshea ukosi, kisha akaendelea.